Nimekaa Kwenye Ndege Iliyosimama

Kambini, Jumatatu mchana, mvua inanyesha

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka. Najua barua hii itakukuta jioni, umetoka shambani na matope miguuni, lakini nakupa salamu ya asubuhi kwa sababu ndiyo niliyozoea kukupa pale mlangoni. Mgongo unaendeleaje? Na pamba, mvua imeiacha isimame? Mimi ni mzima wa mwili. Nimechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Kabula, najua ni wewe unayesoma. Usiruke mahali popote, hata pale utakapoona kaka yako amejiaibisha. Msomee Mayu yote.

Mayu, juzi kwenye simu nilikuambia kwamba ndege ilikuja nikashindwa kupanda. Mtandao ukakatika kabla sijakueleza sababu. Huku tunapata mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, na ukisimama pale wenzako wamejipanga nyuma yako wakisikia kila neno. Kwa hiyo naandika. Rubani amekubali kuibeba barua hii mpaka Dar na kumkabidhi kondakta wa basi la Bariadi. Baba mdogo ataipokea stendi Jumatano.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba kambi yetu ya watalii hufungwa wakati wa masika. Mwaka huu mto umebomoa daraja mapema, na barabara imekuwa maji matupu. Wafanyakazi tunatolewa kwa ndege ndogo, wachache wachache. Usifikirie zile kubwa zinazopita juu ya kwetu Ngulyati zikiacha mstari mweupe. Hii ukinyoosha mkono unaligusa bawa lake, na mlango wake unafungwa kama wa gari bovu, kwa kuubamiza mara mbili.

Kabla ya kupanda, kila mtu anapimwa pamoja na mzigo wake kwenye mizani, kama gunia. Mimi karani wa stoo ndiye ninayesoma namba, rubani anaandika. Alhamisi iliyopita nilisoma za wenzangu, nikasoma na yangu. Akaja Mzee Ngonyani, mpishi wetu, na koti lake zito la baridi. Akalivua, akalitundika kwenye tawi, akapanda mizani, akashuka, akalivaa tena. Alipokuwa anaingia ndegeni koti liligonga mlango likatoa mlio wa debe lililojaa. Lilikuwa na asali, Mayu, makopo ya asali mifuko yote.

Unajua nilikotoka mimi. Likizo zangu zote za chuo nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba pale nyumbani. Nimeona gunia lililonyunyiziwa maji alfajiri, na lililotiwa mchanga katikati, mwenye nalo akiniuliza habari za masomo ili nisiliinamie. Kule watu wanaiongezea mizani, huku wanaipunguzia. Nilikuwa nimeshafunga mkanda. Nikawatazama wote mle ndani, nikaanza kuwaza nani ana nini kwenye soksi, nani ana nini chini ya shati, na kwamba tunataka kuruka na uzito ambao hakuna aliyeuandika. Sikumshtaki mzee wa watu. Nilifungua mkanda nikashuka. Rubani aliniita mara moja, hakurudia. Wakaondoka na kiti changu kitupu, nami nikaketi juu ya mizani mpaka mlio ukaisha.

Tangu siku hiyo ninafanya kazi, ninakula, lakini kila radi ikinguruma nasimama nikidhani ni ndege. Kinachoniuma zaidi ni ng'ombe wa mahari ya Kabula. Tangu baba atutoke, umewaahirisha wakwe mara mbili ili mimi niwepo siku wanapoleta ng'ombe, nisimame kwenye zizi pale alipopaswa kusimama yeye. Baba mdogo aliniambia kwamba wakwe wamechoka, na kwamba safari hii wakiambiwa wasubiri wataona tunawadharau. Ni Jumamosi hii. Nisipopanda ndege ya Alhamisi, hakuna nyingine mpaka maji yapungue.

Leo ndege imekuja kuleta mafundi wa paa na kuchukua mahema yaliyochanika. Mvua imeizuia kuondoka, hivyo rubani alikaa na mimi stoo, tukanywa chai. Ni dada mmoja mwembamba, pengine ananizidi umri kidogo, kila mtu anamwita Kapteni. Nilidhani atanicheka. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kwa nini nilishuka.

Nikamwambia ukweli, hata habari za ghala la pamba. Nikasema, "Mizani yako inadanganywa, Kapteni. Watu wanapimwa wepesi, wanapanda wazito."

Akapuliza chai yake. "Koti la Ngonyani?"

"Ulijua?"

"Analitundika kwenye tawi lilelile kila safari." Kisha akaniuliza, "Wewe si ulikuwa unapima pamba? Ukiletewa gunia unaloliona lina maji, ulikuwa unafanyaje?"

Nikamjibu kwamba tulikuwa tunakata kilo. Hata lisilo na maji tulilikata kidogo, kwa ajili ya uchafu, ndivyo tulivyofundishwa. Sikumwambia jinsi baba alivyokuwa anarudi nyumbani kimya siku za kuuza, kwa sababu ya hicho hicho kidogo.

"Basi na mimi nakata," akasema. "Wewe unanisomea namba, mimi naiandika kubwa kuliko ulivyosoma. Kila mtu. Hata wewe usiye na koti. Ndege inaweza kubeba zaidi ya ninavyoipa, lakini siipi. Meneja wenu ananinunia kila mwezi kwa viti ninavyoacha wazi."

Ona ajabu hii, Mayu. Jambo lililomnunisha baba maisha yake yote ndilo lililonipa pumzi leo. Kuna mtu hamwamini mwenzake hata kidogo, na kwa kutoamini kwake sisi tunafika salama.

Usidhani nimepona. Nilimwambia hivyo, kwamba kichwa kimeelewa ila mwili bado unakataa. Akanipa ufunguo wa ndege. Akasema niende nikakae ndani, haiendi popote na mvua hii, nikae mpaka nichoke kuogopa. Nikaenda. Nikachagua kiti kilicho nyuma ya kile cha rubani, nikafunga mkanda, nikawa natazama maji yanavyoteremka kwenye kioo. Nikaufungua mkanda, nikaufunga tena. Baadaye nikagundua kwamba nimeanza kusoma maandishi ya kwenye mlango, yanayoeleza namna ya kuufungua, na kwamba nimeyaelewa.

Mzee Ngonyani, ambaye amerudi leo kuwapikia mafundi, alipita na sahani kichwani kama mwavuli. Akaniona. Akagonga kioo.

"Karani, tumefika Bariadi?"

"Bado, mzee. Tuko Shinyanga."

"Ukifika wasalimie. Waambie Msukuma kapanda ndege ya chini."

Akaenda akicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Baadaye kidogo alirudi na kopo moja la asali, akalipitisha mlangoni. Hakutaja koti, wala mimi sikulitaja. Akasema, "Mpelekee mama yako. Lakini lipime."

Ndani ya ndege hiyo ndimo ninamoandikia. Ningeweza kuondoka leo, ila imejaa mahema, na Jumatano lazima nimkabidhi meneja stoo.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Barua hii itakufikia kabla sijapanda, na bado utakuwa na nafasi ya kutuma mtu kwa wakwe. Usitume. Usiwaambie wasubiri kwa sababu yangu. Wakijua Jumamosi ipo palepale, nami nitajua ipo palepale, na miguu yangu itakosa pa kukimbilia. Alhamisi asubuhi uniombee, usiulize saa.

Msalimie baba mdogo Luhende, mwambie aniachie nafasi mlangoni mwa zizi. Msalimie shangazi wa Migato kama ameshafika kusaidia kupika, na katekista wetu. Kabula, umesoma vizuri, acha kulia, utaharibu karatasi.

Mvua inakatika, Kapteni anakuja na mwavuli kuchukua kiti chake. Asali yako, Mayu, Alhamisi nitaipakata mbele ya watu wote, nipande nayo kwenye mizani, tusomwe pamoja.

Ni mimi mwanao, niliye njiani,
Masunga