Inchi Ishirini na Moja

Shannon, Missouri
8 Machi 1987

Kaka Verlin,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, wifi Nadine na watoto? Sisi tunasukuma siku, ila kifua cha Baba bado. Daktari amesema tusitarajie aone masika mengine.

Baba anataka jambo moja tu: kumpiga yule dume wa bata mzinga aliyemshinda miaka mitatu. Bunduki yake ya marisau ina mtutu wa inchi thelathini, na mikono yake haiwezi tena kuushikilia. Wewe unauza bunduki kila siku. Nimtafutie mtutu wa urefu gani? Msimu unafunguliwa tarehe 20 Aprili.

Dada yako,
Oleta

Springfield
13 Machi 1987

Mdogo wangu Oleta,

Huku hatujambo, ila Nadine ana mafua na anatulaumu sote. Mpe Baba pole.

Mtutu hauchaguliwi dukani, unachaguliwa msituni. Wateja wengi hudhani mtutu mrefu unapeleka marisau mbali zaidi. Sivyo. Kazi hiyo ni ya baruti na namna mdomo wa mtutu ulivyobanwa ili marisau yasitawanyike. Mrefu unamfaa anayelenga ndege arukaye. Mfupi ni mwepesi na haunaswi na matawi. Kwa hiyo niambie: mnapokaa pakoje, wazi au vichaka? Dume hutokea upande gani, hatua ngapi? Jua la asubuhi linawapiga usoni au mgongoni?

Sikuulizi ni wapi. Najua Baba alikuonyesha wewe tu, mimi akanipa kofia yake kuukuu.

Kaka yako,
Verlin

Shannon
20 Machi 1987

Kaka Verlin,

Pole kwa wifi. Baba anakohoa, lakini habari ya kofia imemchekesha.

Unajua kwetu mtu akikuuliza unawinda wapi, unamjibu "msituni," hata akiwa mchungaji wako. Lakini wewe si mtu baki. Baba huegemea mwaloni, kijito kiko kushoto kwake, mierezi imesongamana hadi mtutu hauna pa kugeukia. Mbele kuna uwazi mdogo, na ng'ambo yake magofu ya kiwanda cha kupasulia mbao. Jua linatokea nyuma ya magofu hayo. Dume hushukia kwenye uwazi huo, hatua ishirini na tano, hazizidi. Usimwambie hata Nadine.

Dada yako,
Oleta

Springfield
27 Machi 1987

Mdogo wangu,

Nadine amepona, sasa anatulaumu akiwa mzima.

Hapo jibu ni moja: inchi ishirini na moja, mdomo uliobanwa sana. Kwa hatua hizo Baba hapotezi kitu, na akiulaza gotini hautagusa mwerezi. Nimempa jirani yenu Orval awaletee. Ni zawadi yangu. Nimeijaribu mwenyewe kwa kulenga karatasi. Mwambie Baba ndege huyo ni wake.

Kaka yako,
Verlin

Shannon
21 Aprili 1987

Verlin,

Leo sikuulizi hali, maana jana nilikuona na ulikuwa mzima kabisa.

Nilimshika Baba mkono toka barabarani, akipumzika kila hatua kumi. Kabla hatujaufikia mwaloni tukamsikia dume analia. Baba akatabasamu. Kisha bunduki ikalia, mara moja. Nikamkalisha Baba kwenye gogo, nikaenda kuangalia. Ulikuwa unavuka kijito, dume begani, na mkononi mtutu mfupi kama ule uliotutumia. Kumbe ulichagua miwili.

Nilimwambia Baba ni mgeni tu. Akasema, "Basi, riziki yake." Nimesalitiwa na kaka yangu, na mlango nilikufungulia mwenyewe.

Oleta

Springfield
26 Aprili 1987

Dada yangu,

Sijui nianze vipi kukusalimu. Sina la kujitetea. Magofu ya kiwanda nayajua, nikayafuata Jumapili, siku moja kabla ya msimu, kupaona tu. Nikamsikia dume akipanda mtini kulala, nikajiambia Baba hawezi kufika mbali vile. Oleta, miaka thelathini nilitamani kukaa chini ya mwaloni ule, na hakuniita hata mara moja. Nyama ipo, hatujaigusa. Nije nimwombe radhi?

Kaka yako,
Verlin

Shannon
3 Mei 1987

Verlin,

Baba ana nafuu kidogo, leo amekula. Usije. Ukija utamwambia, na sitaki afe akijua.

Tangu siku ile amekuwa akiwaza. Anasema alikosea kukunyima mahali pale kwa kosa la ujana, ulipowapeleka rafiki zako kwenye maficho yake ya kwanza ya kuwindia. Alikuwa amepanga, akishampiga yule dume, nikupigie simu uje, akukalishe yeye mwenyewe. Jana aliniagiza niandike maneno yake, kisha nimsomee kabla ya kufunga bahasha. Nimemsomea. Karatasi yenyewe hii hapa.

Oleta

*Mwanangu Verlin, hujambo? Mimi sijambo. Fuata kijito hadi kwenye mawe ya kuvukia. Yanateleza, tembea taratibu. Ukifika kwenye mwaloni, kaa palipolika gome. Ndipo mgongo wangu ulipozoea. Najua hujawahi kufika, lakini hutapotea. Nilichelewa kukuita. Baba yako, Hobart.*