Pula Iliyokataa Kushika

Acha chochote unachofanya, soma hii. Siwezi kucheka kwa sauti, mama yupo sebuleni.

Si unajua nilijipa kazi ya kutengeneza pikipiki ya mama kwa siri, ili akitoka dukani aikute inawaka? Nikakwama kwenye sumaku ya injini. Haitoki bila pula, kile chuma cha kuivutia.

Nikanunua pula, ikakataa kushika. Nikabadilisha, ikakataa tena. Muuza spea akaniambia, "Mwanangu, unatafuta pula au mchumba?"

Nikamwita fundi. Akamulika tochi, akaguna. "Pula zote zilikuwa sawa. Meno ya sumaku, pale pula inaposhika, ndiyo yameliwa. Kuna mtu kaigonga nyundo kabla yako."

Kabla yangu? Nikawatetea watu wote wa nyumba hii, karibu nilie. Ndipo nikampigia baba, ambaye juzi aliondoka ghafla kwenda kumjulia hali baba mkubwa. Nikaweka spika kwa sababu mikono ilijaa grisi.

"Baba, ile sumaku ya pikipiki ya mama..."

Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Mama yako ameshajua?"

Ameshajua! Baba hata hakuuliza sumaku ina nini. Ameshajua!

Nikageuka. Mama amesimama mlangoni, funguo za duka mkononi.

"Mwambie amsalimie mgonjwa," akasema taratibu. "Na arudi na sumaku mpya."

Simu ikakatika. Sasa hivi baba amenitumia ujumbe: "Baba yako mkubwa amezidiwa. Nitakaa kidogo."