Mshipi Nilioukata Mbele ya Atupele

Ambakisye, ndugu yangu,

Usicheke mwandiko. Unajua shule yangu iliishia darasa la tano, mwalimu alipogundua kwamba nazijua bei za matairi kuliko jedwali la kuzidisha. Lakini mtu niliyelala Lusaka, Ndola na Lubumbashi, niliyegombana na askari wa mpakani kwa lugha ambayo hata yeye hakuijua, siwezi kushindwa na karatasi. Naandika nimeukalia mtumbwi wako. Nimeupindua hapa mchangani Matema tangu asubuhi na sitaki kuinuka, maana nikiinuka mwanao atauchukua aingie ziwani peke yake.

Kwa hiyo unaona. Nimekwisha, rafiki yangu. Natania, lakini nimekwisha.

Siku tuliyokuzika nilisimama mbele ya watu wote, mchungaji akiwepo, nikasema Atupele ni mwanangu kuanzia leo. Nilisema kwa sauti ya dereva wa semi, mpaka wa nyuma kabisa wakageuka. Maneno makubwa hayajawahi kunipiga chenga, hilo unalijua. Sasa ndiyo nayalipia. Mwanao anataka kuvua. Na mwalimu wake ni mimi, Mhehe wa Ipogolo, niliyekuwa nikiona maji mengi kwenye karo la kuoshea magari tu!

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipakia? Macho yangu yalikuwa yamegoma kuendesha usiku, tajiri kampa gari kijana, nami nikakukumbuka wewe, yule muuza samaki wakavu niliyempa lifti pale Igawa, akanuka kwenye kabini yangu mpaka Makambako. Nikaja kwako na begi moja. Ukanipakia. Mara nikaona moshi mweusi unapanda katikati ya ziwa, mrefu kama wa kiwanda, nikapiga kelele: "Meli inaungua! Geuza tukaokoe watu!" Ukaacha kasia ukashika tumbo. Kumbe ni vile vidudu vidogo vinavyopaa kwa pamoja kutoka majini, ambavyo watu wa hapa huvikamata wakavifanya kitoweo. Ukasema, "Dereva, meli hiyo tutaila jioni." Na kweli tuliila.

Ulinifundisha kwa matusi, Mungu akulipe. "Kaa chini, Mhehe! Mtumbwi si baa, hapa hakuna anayesimama kaunta." Uliniambia wimbi nilielekezee pua ya mtumbwi, nisiligeuzie ubavu. Kopo la kuchotea maji nilifunge kwa kamba, maana likielea tu nimebaki na viganja. Na kabla ya kutoka nimwambie mtu naelekea wapi, hata kama mtu huyo ni mlevi. Mlima ukivaa kofia ya wingu na maji ya kando ya miamba yakawa meusi, nisiulize, nigeuze, kwa sababu upepo wa mlimani hushuka bila kupiga hodi. Hilo nililielewa upesi kuliko yote. Nimeshuka Kitonga na tani za saruji mgongoni. Gia unaichagua ukiwa juu. Ukishafika katikati ya mteremko unachagua sala tu.

Lakini lile kubwa, lile ulilorudia mpaka nikawa naliota, lilikuwa la mshipi. "Usiuzungushe mkononi. Hata mara moja. Samaki mkubwa kama mbasa akivuta mwache aende, mshipi ukuchune vidole, ngozi itaota. Akikuzidi, kata." Na kisu ukakichomeka kwenye ubao wa kukalia, karibu na goti, ili mkono usikitafute.

Ndugu yangu, tulikukuta umeuzungusha.

Wale kina mama wa Kikisi wa Ikombe walikuwa wanaleta vyungu sokoni kwa mtumbwi. Walipokuona kwenye miamba walivishusha vyungu vyao juu ya mawe, wakakupakia wewe, wakakufunika kwa kanga zao. Mimi ndiye niliyeufungua ule mshipi kwenye mkono wako wa kushoto. Ulikuwa umezama kwenye nyama. Nilikuwa naufungua huku nakutukana, kwa Kihehe, kwa Kibemba, kwa kila lugha niliyookota barabarani, na wanaume waliosubiri kukuosha wakaniacha tu. Kwenye ncha hapakuwa na ndoana wala samaki. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, na kisu kilikuwa bado kimechomekwa kwenye ubao. Hukukigusa.

Nilikuwa kitandani na malaria asubuhi ile. Ulipita dirishani ukaniambia, "Atupele anarudi kesho kutoka chuo. Namtafutia mbasa wa kumpokelea, wa kupikwa na ndizi mpaka majirani waombe mchuzi." Nikakujibu ukileta kidagaa nitakusimulia mpaka Tunduma. Ndiyo maneno ya mwisho tuliyoachiana. Utani. Sisi hatukujua kuagana vizuri.

Atupele alishuka kwenye basi akakuta watu wamekaa matanga. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Mama Atupele alilia kwa wote wawili. Siku hizi amehamisha mafiga, anapika ameupa mgongo ziwa, na maji ya kuoga anayachota bombani ingawa ziwa liko hapa hapa mlangoni. Samaki halii. Ukimtajia neno mtumbwi anasimama anaondoka.

Matanga yalipokwisha, Atupele akanijia. "Baba mdogo, nifundishe kuvua. Nataka yule mbasa."

"Yupi?"

"Yule wa baba."

Nikacheka, nikamwambia samaki hawana vitambulisho. Nikamwambia yeye amesomea uhasibu Iringa, akatafute ofisi yenye feni. Kesho yake nikamkuta maji yamemfika magotini, anausukuma mtumbwi peke yake. Ndipo nikakubali. Ningefanya nini? Nimfunge kamba kama mbuzi? Mama yake akanivuta nyuma ya jiko, hakunitazama usoni. "Shemeji," alisema, "usipomrudisha, na wewe usirudi."

Basi nikaanza kufundisha. Na kujigamba, wewe sikufichi: pwani nzima ilijua kuna chuo kipya na mkuu wa chuo ni mimi. Anajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Anakaa chini, anapiga kasia bila kurusha maji, mkono wake unalihisi chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, likigusa mchanga. Lakini kila kanuni yako niliyomwambia, alinijibu kwa swali lile lile, taratibu, bila ukali: "Baba hakulijua hilo?"

Mwambie mtu asisimame kwenye mtumbwi. Baba hakulijua hilo? Mwambie atazame mlima. Baba hakulijua hilo? Ambakisye, mimi nina jibu la kila kitu. Nimewajibu matrafiki wa nchi nne. Hilo sikulijibu. Nilikuwa nageuza uso kama mtu aliyeingiwa na maji machoni.

Sasa nikueleze ya jana.

Mvua zimeanza, na mbasa wanajikusanya mdomoni mwa Lufilyo kutaka kupanda mto. Mlima ulikuwa na wingu kidogo. Wingu la ukubwa wa kofia ya barakashia, siyo zaidi. Nikasema tusiende. Atupele akatoa simu. "Baba mdogo, inasema hakuna upepo leo. Tazama." Nikatazama kijua chake cha njano, nikasema haya, twende, lakini hapa karibu tu, mtu wa ufukweni akituita tusikie.

Akamshika.

Sijui kama ni yeye. Wewe ndiye unayejua. Lakini mtumbwi ulishtuka kama gari iliyokanyagwa breki, kisha ukaanza kwenda. Tunavutwa! Mshipi unamtoka vidoleni unalia, naye anaachia, anakaza, anaachia, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na hakuna aliyemwonyesha. Nilisahau kuogopa. Nikapiga kelele kama mpirani. Samaki akaruka mara moja, ubavu mweupe, mpana, ukawaka juani, na mwanao akacheka. Kicheko cha kwanza tangu ashuke kwenye lile basi.

Halafu nikaona tunakoelekea. Ikombe. Miamba ile ile. Nikatazama mlima, kofia imekuwa kubwa. Nikatazama mkono wake, nao ulishaanza kuzungusha. Mzunguko wa kwanza. Wa pili.

"Atupele, fungua!"

"Nimemshika, baba mdogo!"

"Fungua mkono!"

"Ni yeye! Ni yeye, niache!"

Nilikichomoa kisu nikakata.

Mtumbwi ulisimama. Ambakisye, sijawahi kusikia kimya kama kile, na mimi nimeharibikiwa na gari porini Mikumi. Aliutazama ule mshipi uliobaki mkononi, ukiwa umelegea. Akasema, "Alikuwa wa baba."

Nikashika kasia nikapiga kama mwendawazimu, nikisubiri upepo utupige mgongoni.

Upepo haukuja.

Unanisikia? Haukuja! Ziwa lilitulia kama uji uliopoa. Ile kofia ya mlimani ikayeyuka kabla hatujafika. Jua likawaka. Mitumbwi mingine yote ilibaki kule kule, wakavua, wakaimba. Waliotuona wakaja kusimulia, na tangu hapo sina amani. "Dereva, breki zako kali, barabara nyeupe unafunga!" "Mhehe kakimbia kitoweo!" Mzee anayeshona nyavu ameniuliza kama niliogopa samaki atadai leseni. Mimi, niliyewaambia ziwa hili nalijua kama kiganja changu! Nimecheka nao. Nilicheka mpaka nikalazimika kwenda nyuma ya mtumbwi kujifuta uso.

Tulipotia nanga, mama yake alikuwa ameshuka mpaka majini, mara ya kwanza tangu msiba. Alitutazama, kwanza mwanawe, kisha mimi, akageuka akaenda zake. Jioni akaniletea sahani mwenyewe. Ndizi tupu. Akaiweka, akanishukuru, "Ndaga, shemeji," basi.

Nilizila ndizi zile kwa shida. Kila tonge lilikuwa linauliza. Kwa sababu sasa najua, nimelishika kwa mkono wangu mwenyewe: kukata hakuchukui muda. Ni kitu kidogo mno. Kisu kilikuwa kwenye goti lako! Ungekata, ungerudi, ungesema mbasa amenishinda, nami ningekutangaza mpaka Tunduma. Atupele angeshuka kwenye basi akakukuta umekaa mlangoni umenuna. Tungekula ndizi tupu, ndugu yangu. Ndizi tupu, sote wanne, na ungenikasirikia kwa kukucheka. Nani alikuambia mtoto yule alikuwa anataka samaki?

Nimekasirika nawe. Sitaficha. Nitakuwa nimekasirika mpaka nije huko tugombane vizuri.

Ila swali lake sasa nina la kulijibu. Akija hapa, na atakuja, nimemwona anachungulia mara kadhaa, atanikuta nimeukalia mtumbwi. Akiniuliza kama baba hakulijua hilo, nitamwambia alilijua, ila kukupenda wewe kulimshinda nguvu. Alikupenda mpaka akasahau kisu. Kisha tutausukuma pamoja, maana kumzuia siwezi.

Lala salama, mwalimu wangu. Mkeo nitamchotea maji, na kaburi lako nitalifyeka mwenyewe, nikikutukana kidogo kidogo ili usijisikie mpweke. Na hili nakuahidi, mimi mwenye maneno mengi, mara hii nikiwa na neno moja tu: akimshika tena yule mbasa, na akaanza kuzungusha, nitakata. Ziwa liwe limechafuka au limelala, wanicheke wasinicheke, anichukie mpaka azeeke. Azeeke, Ambakisye. Nitakata kila mara.

Ni mimi,
Dereva wako