Wimbo Wangu, Jina Lake

Dada, shika simu.

Mwalimu wa kwaya ameuweka wimbo wangu mtandaoni. Ule niliotunga wodini nikimuuguza marehemu mume wangu. Chini yake kaandika mtunzi ni yeye. Yeye! Eti alishushiwa akiwa kwenye mfungo.

Nimemfuata baada ya ibada, watu wote wapo. Nikamwambia, "Mwalimu, huo wimbo ni wangu, na hukuniomba."

Akacheka. Dada, akacheka! "Mama, si uliutuma kwenye grupu la kwaya mwenyewe? Ukishafika kwenye simu za watu ni wa wote. Halafu wimbo wa Mungu hauna mwenyewe."

Nikamwambia, "Kama hauna mwenyewe, futa jina lako."

Wanakwaya wakainamisha vichwa kama wanatafuta sindano sakafuni.

"Mjane mzima unagombania sifa," akasema. Sifa! Niliwapa wauimbe, sikumpa auite wake. Nikikuazima sufuria, ndiyo uichonge jina lako?

Nimefika nyumbani, nakuta kanitoa kwenye grupu. Na ile sauti niliyorekodi kaifuta kwanza, mwizi mkubwa. Mungu anisamehe, lakini silirudishi neno hilo.

Wewe nilikutumia kabla yao, kwa ile simu yangu iliyoharibika. Usiifute, nakusihi. Nirudishie sasa hivi. Sikiliza pale mwisho, marehemu anakohoa, halafu anasema, "Rudia tena, mama watoto."

Na kikohozi hicho aseme ni chake.