Feni ya Mashine ya Marehemu Bura

Qurus, Jumanne

Mzee mzima, leo nimemwogopa mkaguzi wa hataza, ile hati ya ubunifu niliyoiombea mashine yangu ya maharage, kuliko tembo shambani. Kapiga simu.

"Mzee, naanza na picha uliyoambatanisha mwenyewe, ya mashine ya zamani ya jirani yako Bura. Inapura maharage kwa gurudumu la baiskeli, kama yako. Jipya lako ni lipi?"

"Feni, mwanangu. Yangu inapura na kupepeta."

"Ya Bura haikuwa na feni? Nitumie picha ya chini yake."

Kimbelembele changu! Niliambatanisha ile picha kumheshimu marehemu. Feni ipo kwenye ya Bura, na niliifunga mimi mwenyewe enzi za uhai wake, kijiji kizima kikitazama. Mkaguzi akiiona, atasema yangu si jipya, na hataza sipati.

Kesho mjane wa Bura, aliyebaki na mashine, atapiga hiyo picha niitume.