Mke Wangu Kachoka Kusubiri Shepu Mpya

Mpendwa mshauri Bi Kijakazi,

Shikamoo. Najua safu yako ni ya mambo ya ndoa na mimi naandika habari ya gari, lakini nisaidie hivyo hivyo, maana gari ndiyo imeingia katikati ya ndoa yangu na sijui nitaitoaje, na naomba sana usitaje jina langu kwa sababu hapa Bunda najulikana.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda mjini na nyumba Nyasura, mke wangu anaitwa Ghati, ni mwalimu, na tuna binti mmoja, Diana. Tulikuwaga tunaishi vizuri tu. Miaka mitatu iliyopita tukakubaliana tununue gari, na siyo gari yoyote, ni ile ndogo ya juu ambayo kila mtu huku anaitaka, haisumbui kwenye tope, hainywi mafuta sana, sisi tunaiita Kobe kwa sababu ya mgongo wake wa duara. Sababu kubwa ilikuwa mama mkwe wangu, Nyamburi, anayeishi Butiama. Ana presha ya macho, kila mwezi lazima afike kliniki Musoma, na daktari alishasema akiwa mtu wa kukosakosa atabaki gizani. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama mbele ya wakwe nikasema, "Mama asiwe na wasiwasi, gari nitaleta mimi."

Basi tukaenda Musoma kwa Hamduni, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, akatuonyesha Kobe ya rangi ya fedha, safi kabisa, Ghati akakaa kwenye usukani akarekebisha kioo akacheka, na mimi badala ya kumwambia Hamduni lete karatasi nikamvuta mke wangu pembeni nikamwambia tusubiri kidogo, nimesoma mtandaoni mwakani inatoka shepu mpya ya Kobe, umbo jingine kabisa, tukinunua hii leo kesho tutaonekana tumenunua gari ya kizamani. Ghati akaniangalia tu. Akasema, "Haya Baba Diana, wewe ndiye unayejua mambo ya mitandao."

Mwakani ikafika, shepu haikutoka, zikatoka picha. Picha za gari imevishwa plastiki yenye michoro kama pundamilia, eti iko kwenye majaribio huko inakotengenezwa, na mimi nilikuwa naikuza ile picha mpaka naona vidoti, nahesabu taa, napima bampa kwa rula juu ya kioo cha simu ya mteja. Watu wakaanza kujaa kibandani, hakuna aliyeleta simu mbovu, wote wanauliza, "Fundi, shepu inasemaje leo?" Nikafungua kundi la WhatsApp nikawa admini, wakaingia wa Bunda, wa Musoma, mpaka wa machimboni Buhemba. Nikawa mtu. Nikisema taa za nyuma zitaungana, kundi zima linasema taa za nyuma zitaungana. Kampuni yenyewe haijatamka neno, ila kwangu kila siku kuna taarifa.

Sasa hapa ndipo penye dhambi yangu, Bi Kijakazi. Mwaka jana zikapita wiki tano bila habari yoyote, kundi likapoa, watu wakaanza kutuma mahubiri na matangazo ya samaki wakavu aina ya furu. Rafiki yangu Revocatus, mnunuzi wa pamba, akaandika, "Admini, au umeishiwa?" Iliniuma. Nikachukua picha ya Kobe ya kawaida, nikaingia kwenye programu ya kuchezea picha, nikabana taa zikawa nyembamba kama macho ya paka, nikashusha paa, nikabadilisha rimu, nikaitia ukungu kidogo ionekane imepigwa na mtu aliyejificha, nikairusha kwenye kundi nikaandika, "IMEVUJA." Nilijiambia ni utani wa siku moja, kesho nitawaambia. Kesho yake watu walikuwa wananishukuru, ningeanzia wapi? Wiki iliyofuata picha ikanirudia kutoka Mwanza, halafu jamaa mmoja wa Dar mwenye chaneli ya magari akaizungumzia dakika kumi na mbili, akazungushia taa zangu duara jekundu, akasema vyanzo vyake vimethibitisha. Na mimi, naapa, nilivyomsikia anaongea kwa uhakika vile nikaanza kujiuliza labda niliotea ikawa kweli. Jioni nikampelekea Ghati simu nikamwambia, "Unaona? Hata Dar wamethibitisha. Tuvumilie." Namwonyesha mke wangu picha niliyoichora mwenyewe, na nilikuwa naiamini.

Revocatus naye akaamini. Alikuwa ameshapatana na Hamduni, akaghairi kwa ajili ya ile picha, na mpaka leo anazunguka vijijini na pikipiki, mvua yake, vumbi lake, na kila akiniona ananiuliza, "Bado?"

Mwezi wa nne mvua ilipokolea, mama mkwe akapanda bodaboda kwenda kliniki. Wakateleza kwenye tope kabla hawajafika lami. Akateguka bega, kliniki hiyo akaikosa, na ya mwezi uliofuata akaikosa kwa ajili ya bega. Jicho la kulia sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nilipokwenda kumpa pole akanishika kwa ule mkono mzima, akauliza taratibu, bila hasira, "Mkwe wangu, hiyo gari mpya itakuja na barabara yake?"

Nikainuka nikaenda kumchotea maji ambayo hakuyaomba.

Ghati hakunigombeza, na ningeona afadhali angenigombeza. Baada ya kama wiki mbili, Jumamosi saa nne asubuhi, nikasikia honi getini. Natoka, ni Kobe ya rangi ya fedha, siyo ile ya kwanza, ile iliuzwa kitambo, na anayeendesha ni Ghati. Kumbe alikuwaga anajifunza udereva baada ya vipindi, mimi niko kibandani nakuza picha! Yeye na kaka yake Wanzagi ndio walioinunua. Akashusha kioo akasema, "Unapanda, au bado unasubiri?"

Nikapanda. Nyuma. Mbele alikuwa ameshakaa mama mkwe.

Jumatatu yake kibandani watu wakanicheka, "Fundi, mke wako kanunua ya kizamani?" Na mimi kwa aibu nikajibu, "Hiyo ni ya muda tu." Maneno yakamfikia. Tangu siku hiyo Ghati anaongea na mimi habari ya chumvi na sare za Diana, basi. Hakuna anayejua kwamba picha ni yangu. Niseme, au ninyamaze mpaka shepu itoke kweli na watu wasahau? Na je, ikitoka ikiwa na taa kama zile zangu?

Ni mimi,
Fundi wa Nyasura

---

Fundi,

Marahaba. Umeniomba nisitaje jina lako, nami sikulitaja. Ila wewe umemtaja mke, binti, mama mkwe, shemeji, rafiki na muuza magari, ukaongeza mtaa na kazi yako. Hapo Bunda hata mbuzi wameshakujua. Ndiyo maana barua yako ilipofika sikuichapa. Nilikupigia kwa namba uliyoiandika mgongoni mwa bahasha, nikakwambia: nenda kamwambie Ghati kwa mdomo wako, ndipo tutazungumza habari ya gazeti. Ukasema kuna mteja kibandani, ukakata simu.

Siku ya tano ukanipigia. Ukasema ulimkuta jikoni anachambua maharage, ukamwambia yote bila kukaa. Akafuta mikono, akataka kuiona tena hiyo picha, akaiangalia sana. "Taa umezipatia," akasema. Kisha akailaza simu kifudifudi mezani. "Mwaka mzima nilikuwa namwambia mama avumilie kwa sababu ya hii." Akalia, na wewe ukasimama na mfuniko wa sufuria mkononi usijue pa kuuweka. Umefanya vyema kutojitetea. Ni jambo la kwanza la maana kulisikia kwako tangu barua ianze. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuichapa hii, majina yote ndani. Alisema, "Waache wasome. Nimechoka kuulizwa kama gari langu ni la muda."

Hapo ndipo nitakapokugombeza, mwanangu, kwa hiyo kaa. Picha ulianza kuichora kwa utani, nayo ikakushinda. Watu wazima wengi wameshindwa na mambo madogo kuliko hilo. Lakini mwanamke anafundisha watoto kutwa nzima, jioni anakwenda kujifunza gia na klachi kimyakimya, anamleta mama yake kwa gari aliloliendesha mwenyewe, na wewe unalidharau mbele ya watu wa kibandani ili tu usionekane umekosea! Hilo halikuwa utani. Hilo ndilo lililomnyamazisha, si taa za paka.

Na usinidanganye kwamba ulikuwa unalipenda hilo gari jipya. Ulipenda kuulizwa. Gari ambalo halijaja halipati pancha, halidai oili, wala halimtaki mtu alioshe. Kila mtu anaweza kuwa mtaalamu wake. Kobe wa Ghati ana matope mpaka kwenye vitasa, na hapo sijasikia utaalamu wako hata kidogo.

Sasa sikiliza utakayofanya. Nenda kwa Revocatus, nyumbani kwake, kwa miguu, kabla hajaliona gazeti hili. Usimtumie ujumbe wa sauti. Mwambie alighairi gari kwa sababu yako. Akikutukana, mwache amalize. Akikupa chai, kunywa. Baada ya hapo, siku hiyo hiyo, rudisha ile picha kwenye kundi na uandike chini yake, "Hii niliichora mimi." Usiongeze hadithi. Watakucheka mwezi mzima, baadhi watajitoa, na wewe utapata nafasi ya kutengeneza simu za wateja ulizozilaza kwenye droo. Yule bwana wa Dar mwachie Mungu. Vyanzo vyake ni wewe.

Umeuliza, je, shepu ikitoka na taa kama zako? Utanyamaza. Utafurahi moyoni dakika moja, kisha utanyamaza. Kuotea si kujua, na bega la mama halikuuliza taa zilikuwa na umbo gani.

Kuhusu usukani: usiombe ufunguo. Najua ulikuwa karibu kuniuliza, nimekusikia ukizungukazunguka kwenye simu. Gari lina dereva wake. Siku akichoka atakurushia mwenyewe, na siku hiyo uudake bila maneno.

Ghati ameniambia mama atakaa kwenu Nyasura mpaka bega limkae sawa, na kliniki yake ni Jumanne ijayo, siku ambayo Ghati ameomba ruhusa shuleni. Jumanne funga kibanda. Mfungulie mama mlango wa mbele, mfunge mkanda upande ule usiomuuma, wewe kaa nyuma. Mkifika Musoma usibaki nje kwenye benchi unaperuzi. Ingia naye kwa daktari, usikilize dawa yake ya macho ya matone inawekwaje na mara ngapi, maana Ghati anaondoka nyumbani alfajiri kwenda shule, na mama kwa mkono ule hawezi kujiwekea. Kuanzia Jumanne utamwekea wewe.

Tone moja kila jicho, au kama daktari atakavyosema. Nawa mikono kwanza.

Bi Kijakazi, Musoma