Foleni ya Bomba la Kanisani

Marangu, 4 Machi 2023

Mwanangu Kindness,

Bwana asifiwe. Songea mnaendeleaje na mvua? Mimi mzima, ni miguu tu. Kwenye simu siku hizi sisikii hata ukipiga kelele, kwa hiyo naandika, barua nampa Valerian wa basi.

Fundi uliyemtuma amemaliza. Maji yanatoka humu humu jikoni. Asante.

Tangu tumzike baba yako hapa kihambani, kwenye migomba yetu, sijalia. Wengine wanasema nina moyo mgumu. Sina, umekufa ganzi tu. Nakamua ng'ombe, nakata majani, jioni inafika.

Mama yako

Songea, 20 Machi 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, wajukuu wanakusalimu. Nimefurahi sana kuhusu maji. Sasa usishuke tena ule mteremko wa bomba la kanisani na ndoo kichwani. Pumzika, Mama. Jirani yako Rachel na wenzake wa bombani wanakuja kukuona?

Mwanao Kindness

Marangu, 11 Agosti 2023

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kujibu kwa sababu hakukuwa na jambo.

Hawaji. Si wabaya. Walipoona bomba langu na wao wakavuta maji majumbani, na sisi tulizoea kuonana kule bombani.

Unakumbuka kwamba mfiwa hapangi foleni? Kabla fundi hajaja, nikifika tu Rachel alikuwa ananipokea ndoo, anaikinga mbele ya wote. Inakuwa hivyo mpaka mfiwa mwenyewe aseme, "Leo niacheni nipange." Akishasema, msiba wake umeisha, wanaanza kumtania kama zamani. Mimi sikuifikia siku hiyo. Fundi aliwahi. Sikulaumu, nakueleza tu.

Mama yako

Songea, 2 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini, nikashindwa kuendelea na kazi. Nilichofikiria mimi ni miguu yako tu. Nisamehe.

Funga ile koki ya ukutani. Chukua kidumu kidogo, uende.

Mwanao Kindness

Marangu, 24 Septemba 2023

Mwanangu Kindness,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nipo.

Nilifunga koki, nikaenda. Hapakuwa na mtu. Maji yanamwagika yenyewe, nyasi zimeota kwenye nyufa za saruji. Nikasimama, lakini mtu huwezi kupanga foleni peke yako. Ukifika, unakinga. Nikarudi na kidumu kitupu. Kesho yake hivyo hivyo.

Juzi Rachel alipita na mzigo wake wa majani, akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia, "Leo napanga."

Alienda kwake, na kwake maji yapo, akarudi na ile ndoo yake kubwa ya kutengenezea pombe ya mbege. Akasimama mbele yangu, akanipa mgongo, akakinga.

Nikamwambia, "Fanya haraka bwana, wenzio tunasubiri."

Akasema, "Na wewe Mama Kindness acha kusukuma."

Hapo nikalia. Nililia mpaka ndoo yake ikajaa, na hakugeuka. Alipoiondoa, nikasogea nikakinga kidumu changu.

Mama yako